Asani Hakwenda Kutafuta Dhahabu

Nakumbuka siku niliyompandisha mwanangu Asani kwenye lori la kwenda machimbo ya Bafwasende, majirani zangu wa mtaa wa Mangobo wakinipongeza. "Mama Asani, dhahabu ikitoka usitusahau!" Nikacheka nao. Wewe unayenisikiliza, mwanangu, kicheko kile kinanichoma hadi leo, kwa maana Asani hakwenda kutafuta dhahabu. Nilikuwa namficha.

Nilikuwa bado kijana, nauza samaki sokoni. Asani, mzaliwa wangu wa kwanza, alikuwa na miaka kumi na tisa, na lotoko ilikuwa imemshika. Wewe waijua lotoko, pombe kali inayopikwa nyuma ya nyumba za watu. Aliinywa kabla ya chai. Sisi ni watu wa msikitini tangu babu wa babu zetu, nami nikaona heri uongo kuliko aibu. Nikajiambia kwamba ubaya uko kwa marafiki wa mtaani. Akifika kwa mjomba wake machimboni, koleo litamchosha na pombe ataisahau. Wazazi wengi wa mji huu wamefanya kosa hilo. Tunadhani msitu ni dawa, wala hatujiulizi wachimbaji hunywa nini wakimaliza kazi.

Alirudi baada ya msimu mmoja wa mvua, amekonda, mikono inatetemeka hata kikombe hakishiki. Nikaulizia matibabu kwa minong'ono, eti ni kwa ajili ya mtoto wa jirani. Mtu mmoja akanijibu kwamba dawa ya ulevi iko Kinshasa, kwa wenye pesa za ndege. Nikamwamini, kwa sababu sikuthubutu kumwuliza wa pili. Basi nikaamua kumtibu mwenyewe. Nikamfungia chumbani na chakula na maji, ufunguo nikaufunga kwenye pindo la kitenge changu.

Siku ya pili, adhuhuri, nikasikia kishindo. Nilipofungua, Asani alikuwa sakafuni, mwili umekakamaa, povu mdomoni. Nilipiga kelele hadi uani kukajaa watu. Mmoja akasema ni uchawi. Wahenga walisema mficha maradhi kilio kitamfichua. Changu kilinifichua mtaa mzima.

Wakati huohuo Papa Lokwa akawa anafika na kapu lake. Huyu ni mvuvi mzee wa Wagenia, wale wanaotega samaki kwenye maporomoko ya mto, aliyeniletea samaki tangu nianze biashara. Akamlaza mtoto kwa ubavu, akakaa naye mpaka mtetemeko ukaisha.

"Ulimukatisha pombe mara moja?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Bon. Mama Asani, unauzishaka samaki yangu miaka yote hii. Ulishaka ona mutu ya Wagenia anavuta mutego peke yake?"

"Hapana, Papa."

"Maji itamubeba, yeye na mutego yake. Alors, juu ya nini unavuta huyu mutoto peke yako? Mimi pia, lotoko ilinikunywa miaka kumi. Usicheke! Ni yenyewe ilikuwa nanikunywa. Ita moto, twende."

Sikuwa nacheka, mwanangu. Nilishika mkono wa Asani, tukapanda moto mbili, yaani pikipiki za abiria, mpaka kituo cha afya, mwendo mfupi tu kutoka sokoni kwangu. Miaka yote nilikuwa nakipita.

Muuguzi alinieleza taratibu. Mwili uliozoea pombe kali kila siku, ukinyimwa ghafla, unaweza kufa. Huhitaji dawa kwa siku chache, na jicho la mtu anayejua. Nikaanza kulia nikiwaza gharama. Papa Lokwa akauliza swali ambalo mimi nisingelijua: "Nini lazima ifanyike hapa, na nini tunaweza fanya ku nyumba?"

Swali hilo, mwanangu, ndilo lililoniokoa. Asani alilala pale siku za hatari tu. Dawa zilizobaki alizimezea nyumbani, nami nikiwa mlinzi wake. Kila juma alirudi kuzungumza na muuguzi, na malipo tulikubaliana yawe kidogo kidogo, kadiri samaki walivyouzwa. Jumapili alasiri alikwenda kukaa na Papa Lokwa na wenzake walioacha pombe, kando ya maporomoko. Hapo kiingilio kilikuwa kubeba kigoda chako.

Nilipowaambia majirani ukweli, yule aliyeniomba dhahabu alinivuta pembeni. "Kumbe? Na wangu je, nimupeleke wapi?" Alikuwa akificha kama mimi, ukuta mmoja katikati yetu.

Asani aliteleza mara moja mwaka uliofuata, akarudia pombe. Safari hiyo hakuna aliyemfungia. Alikwenda kituoni kwa miguu yake. Leo ana karakana ya pikipiki, na kwa kuwa mzee Lokwa magoti yamechoka, Asani ndiye humpeleka mtoni kutazama wana wa mzee wakivuta mitego.

Basi sikia, wewe ambaye mtoto wako amenaswa, iwe ni lotoko, iwe ni vidonge vya kulewesha. Usimpeleke mbali ili watu wasimwone. Usimfungie, usimkatishe ghafla bila muuguzi au daktari kujua. Anza na kituo kilicho karibu, useme ni mtoto wako, si wa jirani. Ukitajiwa bei isiyobebeka, usigeuke uende. Uliza nini ni lazima, nini kinawezekana nyumbani, na kama unaweza kulipa polepole. Mlango mmoja ukifungwa, bisha wa pili. Tafuta aliyepona, kwa maana yeye anaijua njia. Na akiteleza, mrudishe palepale; kuteleza si kuanguka.

Mungu akupe ulimi usioona haya kuuliza, na mikono mingi kwenye kamba ya mtego wako. Akurudishie mtoto wako akiwa na mkono uliotulia, akumiminie chai asimwage hata tone. Amina.