Mwalimu Aliyekataa Kupita Nyuma ya Boma

Habari za kifo chake zilinikuta kwa kinyozi, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu bado, na nawaambieni, wasomaji wangu, niliinuka vilevile nilivyokuwa nikatoka nje kumpigia simu bintiye. "Amelala tu, hakuamka," binti akaniambia. "Jana jioni alikuwa bado anagombana na redio." Nilicheka, na machozi yakanitoka papo hapo, watu wakinitazama kichwa changu cha vipande viwili. Hatukuwa marafiki wa kualikana nyumbani. Tulisali kanisa moja hapa Kisumu, tukataniana getini baada ya ibada, tukaulizana kuhusu mvua na bei ya samaki ngege, basi. Lakini kuna siku moja mama huyu alinifanya nipige kelele hadharani mpaka sauti ikakauka, na leo nitaisimulia siku hiyo. Nikichangamka kupita kiasi mnivumilie, maana hata sasa nikiikumbuka siwezi kuketi.

Alikuwa mwalimu wa historia katika shule ya msingi huko pande za Pap Onditi. Karibu kila mwaka aliwapeleka wanafunzi wake katika jumba moja dogo la makumbusho lililo nje ya mji ukielekea Awasi. Pale uani limejengwa boma la kale la Kijaluo: ua wa minyaa, lango, zizi la ng'ombe katikati, nyumba za wake na za wana. Somo lake halikuanzia ndani ya nyumba. Lilianzia langoni, na hakuna mtoto aliyevuka kabla ya kupiga hodi na kuitikiwa. Kisha kisukari kikamchukua mguu, akahamia mjini kwa bintiye, akawa mtu wa kiti cha magurudumu. Lango lile lina mawe na kipandio kikali, kiti hakipiti. Kwa miaka mingi akawa anafika kwenye picha za ukumbini, anazitazama, anageuza kiti anarudi. Hakulalamika sana, ila aliniambia mara moja kwamba kulitazama boma lile kwa mbali kulimuuma kuliko mguu.

Sasa fikirieni furaha ya Mwalimu pale mkuu wa makumbusho, mwanafunzi wake wa zamani, alipompigia simu kumwambia kuwa wamejenga njia ya viti vya magurudumu na kwamba yeye ndiye atakayekata utepe! Alisuka nywele, akashonesha gauni, akatangazia kanisa zima. "Mwandishi, njoo na kalamu yako," akaniambia. "Naenda kumwona mke mkubwa wa lile boma."

Tulienda. Hema lilikuwepo, kwaya ilikuwepo, pilau ilinukia mpaka barabarani. Njia yenyewe ilikuwa ya saruji, laini kama meza. Ilitoka ukumbini, ikazunguka ua wote wa boma, ikaishia upande wa nyuma, mahali minyaa ilipokatwa kupata upenyo. Utepe ulifungwa hapo. Mwalimu alikuja akisukuma magurudumu kwa mikono yake mwenyewe, anatabasamu kwa kila mtu, na alipofika kwenye upenyo akavuta breki. Wakampa mkasi, hakuupokea.

"Hapa ni wapi?" akauliza.

"Ni mlango wenu, Mwalimu," mkuu akajibu kwa fahari. "Huku ni tambarare kabisa, hakuna jiwe hata moja."

"Wetu, mimi na nani?"

"Wageni wenye ulemavu, Mwalimu."

"Nyathina," akamwita, yaani mtoto wangu, kwa ule upole wa walimu unaotisha kuliko fimbo, "darasa la tano niliwauliza, ni nani huingia boma la watu kwa nyuma. Wewe ulijibu nini?"

Mkuu alifunika mdomo kwa kiganja. "Yawa! Nilisema mwizi."

"Na nani mwingine?"

"Mchawi, Mwalimu."

"Basi nichagulie. Mimi ni yupi kati ya hao wawili?"

Wengine tuliangua kicheko, wengine walikunja uso. Mama mmoja wa kwaya aliyekuwa kando yangu alinong'ona kwa hasira, "Huyu naye! Amejengewa barabara nzima, bado anachagua." Kusema kweli mimi pia nilikuwa naitazama pilau. Vijana wanne wenye vifua wakajitolea kumbeba hadi ndani kwa njia ya mbele. "Tukubebe, Mama, ni dakika moja tu." Akawaambia kinachobebwa ni gunia, yeye amekuja kutembelea watu. Halafu akaugeuza uso kwetu sote, na hapo ndipo nilipomsikia mwalimu hasa. "Nyumba ya mke mkubwa inatazamana na lango," alisema, "ili mgeni aonekane akija. Akiwa bado mbali, kigoda kinatolewa, maji yanatekwa. Ukija kwa nyuma unakuta watu wamekupa mgongo, wanashtuka. Mimi tangu nikae katika kiti hiki nimechoka kushtua watu."

Jamani! Mkuu wa makumbusho alivua koti lake la sherehe akalitupa juu ya ua. "Fundi yuko wapi?" Fundi alikuwa amevaa suti, amekuja kula kama wageni wengine, lakini changarawe iliyobaki ilikuwa pale pale na koleo pia. Watu tulihamia langoni kwa fujo. Mchungaji alishika sururu, mimi nilibeba karai mpaka viatu vyangu vya Jumapili vikaaga dunia, kwaya ikaanza wimbo wa kushindilia udongo, mbao za jukwaa zikang'olewa zikalazwa juu. Mwalimu alikaa pembeni akisimamia. "Hapo bado panaruka! Shindilieni, msipapase kama mnasinga mtoto!" Pilau ilipoa na hakuna aliyeondoka. Sijawahi kuona watu wa Kisumu wakiacha chakula kwa ajili ya changarawe, na sidhani nitaona tena.

Njia ilipokuwa tayari, Mwalimu akasogea hadi langoni, akapaza sauti: "Hodi!" Tukatazamana. Boma la maonyesho halina mwenyewe, nani aitikie? Ndipo mlango wa nyumba ya mke mkubwa ukafunguka, na akatokea yule yule mama wa kwaya aliyenong'ona, leso kiunoni, kigoda mkononi. "Karibu, Mwalimu!" akaita. "Karibu sana! Nimekuona tangu ulipokuwa mbali." Mwalimu alishika magurudumu akaanza kupanda. Katikati kiti kiliteleza kidogo, sote tukavuta pumzi, hakuna aliyethubutu kumgusa. Akajipa nguvu, akasukuma, akapita. Niliruka kama mtoto nikipiga kelele. Nilimkumbatia mchungaji, sururu na yote.

Tangu siku hiyo nimeanza kuiona milango ya nyuma kila niendako. Makanisa mangapi yanampitisha mwenye magongo penye stoo ya viti? Katika hoteli moja ya ufukweni tulipita na Mwalimu jikoni, katikati ya masufuria ya samaki, eti huko hakuna ngazi. Akawasalimia wapishi mmoja mmoja akawadai supu kama ushuru wa mpaka, na akaipata. Alicheka yeye, mimi niliona aibu. Waliotupitisha pale hawakuwa wabaya, kama mkuu wa makumbusho asivyokuwa mbaya. Walipima tu kama njia ni tambarare, wakasahau kuuliza inamfikisha mtu akiwa nani, mgeni au mwizi. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mteremko wa langoni, ambao sasa umejengwa imara kwa mawe, unatumiwa na wazee wenye mikongojo, na wajawazito, na kina mama wenye watoto mgongoni, na mkuu mwenyewe goti linapomsumbua.

Jumamosi baada ya mazishi nilienda pale peke yangu. Ule upenyo wa nyuma umepandwa minyaa mipya. Nikiwa nimesimama, wakaja mume na mke, mke yuko katika kiti cha magurudumu, wanabishana kwa sauti kuhusu nani kati ya mama zao alikuwa mkali zaidi. Mke alipanda akapita langoni akisukuma magurudumu na mdomo haukutulia; hakuutazama mteremko hata kidogo, wala mimi hakuniona. Nikajiambia, hiki ndicho mwalimu wetu alichokidai siku ile mbele ya pilau inayopoa: kwamba mtu mwenye ulemavu aingie kwa watu kupitia langoni, bado anagombana na mumewe.