Mumiani Niliyemkana West Bay

Mimi ni mlinzi wa jengo moja West Bay, huku ughaibuni kwa Waarabu, na wiki nzima nilimsomesha mlinzi mwenzangu Musoke, Mganda, kwamba neno mumiani ni la Kiajemi: ni dawa nyeusi kama lami, wala si mtu. Musoke akashikilia kwamba mumiani ni wazimamoto, wananyonya damu. Nikamwita mshamba.

Jana mkate wa mtu uliungua ofisini, king'ora kikalia. Wazimamoto walipoingia na mashoka, nikakumbuka nyanya yangu wa Kisauni naye aliwaogopa haohao. Watu wote walitoka nje, isipokuwa mlinzi mmoja, mimi. Mzimamoto alipofungua stoo ya mafagio nilimojificha, nikamwapia kwa Kiarabu cha madrasa kwamba damu yangu ina malaria.

Nyuma yake Musoke, aliyerudi kunitafuta, akauliza, "Profesa, na huyu naye ni dawa?"