Miti ya Serikali Juu ya Kinu Changu

Juzi, siku ya soko Nyakoe, alikuja kijana wa ofisi, akapanda juu ya kasha la soda, akatuambia kwamba mshahara wa mtumishi wa Serikali ni kama mvua. Unamnyeshea yeye kwanza, halafu unateremka mpaka kwetu tunaouza ndizi na mayai, na hivyo nchi nzima inaota. Watu wakapiga makofi. Mimi sikupiga. Aliposhuka kwenye kasha lake alikuja kwangu, akaushika mkungu wangu wa ndizi, akaanza kunibembeleza nimpunguzie bei. Nikamwambia aende akanyeshee kwingine.

Nimerudi nyumbani na hasira, na hasira hiyo ndiyo inayoandika. Mimi si msomi. Nilifika darasa la ubatizo la Wasabato, nikaweza kujisomea Zaburi, basi. Kiswahili nilikiokota Nyansiongo, kwenye shamba la mzungu, nikikamua ng'ombe pamoja na watu wa kila kabila. Lakini unga najua unakotoka, na walioniharibia nawajua. Majina yao siandiki, maana wana watoto na watoto hawakunikosea. Vyeo vyao nitaviandika: chifu wetu, bwana shamba wake, na Disii, yaani mkuu wa wilaya, aliyekuwa Kisii wakati huo. Mwenye kujitambua na ajitambue.

Mume wangu alijenga kinu cha maji kwenye kijito kilicho chini ya Kebirigo. Mawe ya kusagia aliyachonga mwenyewe na ndugu zake, na gurudumu alitengenezewa na fundi kutoka upande wa Nyakoe. Mfereji wa kuleta maji ulichimbwa kwa risaga. Asiyetoka kwetu aelewe: risaga ni majirani kuja wote siku moja kumlimia mtu, au kumjengea. Mwenye kazi anatoa chakula na kinywaji, na siku jirani yeyote akiita, naye anachukua jembe lake na kwenda. Hakuna anayelipwa. Lakini mtu aliyekuja kwako ukaacha kwenda kwake, huyo umemwibia, na wewe hata mazishini utakaa peke yako. Sisi tulikuwa Wasabato, kwa hiyo hatukutoa pombe, tulitoa uji wa wimbi na ndizi za kuchemsha. Wazee walilalamika kwamba risaga ya Wasabato inashibisha tumbo lakini haileti wimbo. Walikuja hata hivyo, na mfereji ukapita.

Mwaka ule wa homa kubwa, vita vikiwa bado vinaendelea huko mbali, homa ilimchukua mume wangu. Mimi pia ilinilaza. Aliyeniinua ni dresa wa dispensari, mtu aliyetembea kwa miguu kutoka mlima hadi mlima na kopo lake la kwinini, akisimama mlangoni mpaka umeze na kufungua mdomo aone. Huyo alikuwa mtu wa Serikali. Mshahara wake sikuwahi kuulalamikia, na leo silalamiki. Nasema hivyo mapema, asije mtu akasema nachukia kofia ya Serikali kwa sababu ni kofia.

Nikabaki na watoto wanne na kinu. Mwanamke analeta mahindi kichwani, kinu kinasaga, mimi nachota kibaba kimoja changu, yeye anaondoka na unga. Kibaba hicho ndicho kilichowalisha wanangu. Ndicho kilichonizuia kurudi Nyansiongo kukamua ng'ombe wa mtu, au kupewa shemeji nisiyemtaka. Na hakuna aliyeniuliza naongeza nini duniani. Mtu alikuja na mahindi, akaenda na unga.

Vita vilipokwisha, bwana shamba alikuja na habari ya miti. Juu ya kinu changu, kijito kinapotoka, palikuwa na kinamasi kipana chenye matete. Wanawake walikata matete hapo ya kuezekea, na kiangazi chote kinamasi kilikuwa kikitoa maji polepole, kama mama anayenyonyesha amelala. Bwana shamba akasema kinamasi ndicho nyumba ya mbu, kwa hiyo kikauke, na dawa ya kukikausha ni mikaratusi, ile tunayoiita bulugamu. Miche ililetwa kwa lori. Chifu akapigisha pembe, akatuita, na kwa kuwa alijua hatupendi kazi ya lazima, akaipaka asali. Akasema, "Hii si kazi ya lazima, watu wangu. Hii ni risaga ya Serikali."

Tukachimba mashimo, tukapanda. Hapakuwa na uji, hapakuwa na ndizi, hata maji ya kunywa tulijitekea. Jua lilipopanda bibi mmoja mzee wa jirani, asiyekuwa na jino wala woga, aliweka jembe chini akamuuliza chifu lini Serikali itakuja kwake, maana yeye ana shamba la wimbi lililojaa magugu. Watu walicheka mpaka bwana shamba akauliza kuna nini. Chifu akajibu kwamba Serikali ni mama wa wote na mama haendi kwenye mashamba ya watoto. Yule bibi akamwambia, "Mama gani anayekula kwa kila mtoto na hapiki?" Chifu akageuka kuhesabu miche. Ungemfunga vipi bibi kama yule?

Miti ikaota. Kisha ikaandikiwa askari wa kuilinda, mtu wa ukoo wa mume wangu, nyumba yake kilima cha pili kutoka kwangu. Alipewa koti la kaki na filimbi, na kazi yake ilikuwa kukaa kwenye gogo akiitazama miti, na miti ikimtazama. Baadaye tukaitwa tena kwa risaga ile ile, tujenge kibanda cha wageni, maana wakubwa walianza kuja kwa motokaa kuangalia miti. Wakija, anachinjwa ng'ombe. Wakiondoka, tunafagia.

Siku moja chifu alinikuta kinuni akaniambia nisinung'unike. Askari wa miti ananunua unga kwangu, si ndiyo? Basi Serikali inanilisha. Ni maneno yale yale ya kijana wa Nyakoe, ila huyu hakuhitaji kasha la soda. Nikamwambia: chifu, kila mwaka unakuja kuchukua kodi ya nyumba yangu, mjane kama nilivyo. Kodi hiyo unampa huyu. Huyu ananiletea nimpe unga. Kwa hiyo nimetoa unga, na nimetoa shilingi ya kuununua. Hapo aliyelishwa ni nani? Chifu akasema wanawake wanaokaa sana karibu na mawe hupata kichwa cha mawe.

Kiangazi kilichofuata gurudumu lilianza kuzunguka kama mzee anayepanda mlima. Nilidhani ni mfereji umeziba. Tukazibua, hakuna kitu. Kiangazi cha pili likasimama. Nilipanda mpaka kinamasini, na mguu wangu haukuzama. Matete yalikuwa yamekauka, ardhi imepasuka, na bulugamu zimesimama juu yake zimenenepa, majani yanang'aa. Nikajua maji yangu yako wapi. Yalikuwa yamesimama wima mbele yangu, yamevaa magome.

Mwaka huo huo chifu alinunua injini ya kusaga, akaiweka pale sokoni Kebirigo. Sisemi alipanda miti ili kinu changu kife. Nasema injini ilikuja wakati maji yalipokwenda, na wanawake waliokuwa wakiniachia kibaba sasa walimpelekea yeye senti. Wanangu wawili wakubwa walitoka shule. Mkubwa nikampeleka Nyansiongo kwa mzungu yule yule niliyemkamulia. Siku alipoondoka sikulia, nilikwenda kinuni nikakaa juu ya jiwe.

Nilimfuata bwana shamba. Alikuwa mtu mpole, hilo nalikubali, mpole kama maziwa. Akasema aliagizwa kupanda, hakuagizwa kupima maji. Nikamuuliza nani ameagizwa kupima maji. Akasema huyo bado hajaajiriwa.

Disii alipokuja kwa baraza niliinuka. Kulikuwa na mkalimani, lakini sikumngoja, maana mkalimani wa chifu alikuwa na ufundi wa kupokea pilipili na kutoa sukari. Nilisema Kiswahili changu cha ng'ombe. Nikamwambia Disii kwamba chifu aliita risaga kwa jina la Serikali, nasi tukaenda. Kwa desturi yetu aliyeita anadaiwa. Leo mimi naita: Serikali ije na mapanga inikatie ile miti iliyo kwenye jicho la maji, ile tu, mingine ibaki. Chifu akatabasamu kama mtu mwenye jipu.

Disii hakukasirika. Alisema, "Mama, mbu wamepungua. Wewe hutaki watoto wapone homa?"

Nikamwambia, "Bwana Disii, homa ndiyo iliyonizikisha mume. Aliyeniponya mimi ni dresa na kopo lake. Huyo mmemtoa huku, mmemwacha askari wa mti. Mti haujanimezesha kwinini."

Ilikuwa kweli. Yule dresa alikuwa amehamishwa, na dispensari ilifunguliwa siku moja moja. Disii akaandika kitu, akasema jambo langu litaangaliwa. Likaangaliwa, nadhani, maana liliendelea kukaa pale pale. Mvua zikaja, zikaenda.

Basi nikaita risaga yangu mwenyewe. Nilipita nyumba hadi nyumba, mchana, bila kunong'ona. Nilisema nakata miti ya jicho la maji, anayekuja aje na shoka, asiyekuja kwa kuogopa faini sitamhesabia. Nilijua naweza kufungwa. Lakini nilifikiri hivi: kinu kikibaki kimekufa, watoto wote wanne watakwenda Nyansiongo mmoja baada ya mwingine, na mimi nitawafuata, na kilima hiki kitabaki na miti mizuri na askari wake.

Asubuhi hiyo nilipika sufuria mbili za uji nikapanda. Wa kwanza kufika alikuwa yule bibi asiye na jino, na jembe, maana shoka hakuliweza. Kisha wanawake waliokuwa wakisaga kwangu. Wanaume walikuja nyuma, wakisema wamekuja kuona tu, na kila mmoja aliyekuja kuona alikuwa amebeba msumeno au shoka.

Askari wa miti alitukuta mti wa kwanza ukiwa umeshalala. Alikuwa na koti lake lote, vifungo vimefungwa mpaka shingoni.

"Shemeji," akaniambia, "unanitoa kazini."

"Shemeji, nyumba yako ile, udongo wake nani alikanyaga?"

Alijua. Tulikuja kwake kwa risaga mwaka alipooa, mimi nikiwa na mimba ya mtoto wa tatu, nikakanyaga udongo wa ukuta wake mpaka jioni. Akasimama. Akatoa filimbi, akaipuliza kwa nguvu zote, mara ya kwanza upande wa sokoni, mara ya pili upande wa kwa chifu. Akaifuta, akaitia mfukoni.

"Haya. Nimepiga," akasema. "Kazi niliyolipwa imekwisha." Akavua koti, akalitundika kwenye kichaka, akashika upande wa pili wa msumeno.

Hata leo nikimfikiria nasema, siku ile moja mtu yule alileta faida kuliko miaka yote aliyokaa kwenye gogo, na siku ile ndiyo waliyomnyima mshahara.

Chifu alipofika na askari wake jicho la maji lilikuwa jeupe kwa vipande vya mti. Aliuliza nani aliongoza. Watu walitazama uji. Nikasema ni mimi, na ni kweli ni mimi. Nikapelekwa Kisii, nikafungwa. Gerezani tulilima bustani za wakubwa, tukafagia njia zao, na mlinzi alikuwa akilipwa kututazama. Sikujifunza lolote jipya huko.

Nilipotoka nilitembea kwa miguu mpaka nyumbani, na kabla ya kuingia ndani nilipanda kinamasini. Sasa mambo ya bulugamu ni haya, na bwana shamba hakutuambia: ukiikata haifi. Kila kisiki kilikuwa kimetoa vijiti vipya, vingi, virefu vya kunipita kiuno. Chini yake maji yalikuwa yameanza kutoka, membamba, lakini yanatoka. Nikashuka nikachukua panga nikapanda tena. Askari wa zamani aliniona akaja na lake, bila koti.

Tulikuwa kazini chifu alipopita na baiskeli yake, akashuka, akasimama ng'ambo ya mfereji.

"Omong'ina," akasema, kama tunavyowaita akina mama watu wazima, "gereza halijakufundisha?"

"Nitaacha mti ukiacha."

"Serikali itapanda mingine."

"Na ipande. Ikichoka iniambie, mimi niko hapa."

Akasukuma baiskeli yake mlimani. Ni miaka kadhaa sasa. Kila baada ya mvua vijiti vinatoka, na kila baada ya mvua naita, na watu wanakuja. Kinu kinasaga masika yote, na kiangazi kinasaga nusu siku, polepole, lakini mahindi yanaingia na unga unatoka. Mwanangu mkubwa amerudi kutoka Nyansiongo, ndiye anayezibua mfereji. Huyo kijana wa kasha la soda akitaka kujua faida inavyoonekana, na aje asubuhi, kabla maji hayajapungua. Na panga aje nalo.