Mchanga Ndani ya Grisi

Fundi wa magari wa kijiji cha Vaini hasikilizi maelezo ya mwenye gari. "Kata kona mpaka mwisho, zunguka polepole," husema, kisha hutembea kando ya gurudumu la mbele, sikio kalitega. Gari dogo la Kalolaine, mjane ambaye bado alivaa nguo nyeusi, lilipolia ta-ta-ta, fundi aliguna akaingia uvunguni. Mpira unaofunika jointi ya gurudumu ulikuwa umechanika. Alichota grisi kidogo, akaisugua taratibu kwa dole gumba, kama afanyavyo siku zote, hadi chembe zikamkwaruza.

"Mchanga! Mama, hili gari au mtumbwi? Mpira ukichanika grisi inatoka, mchanga unaingia, jointi inajisaga yenyewe. Nani kakutuma ufukweni?"

"Mume wangu," alijibu Kalolaine. "Kaburi lake linataka kupambwa kwa mchanga mweupe kila Jumamosi."

Fundi alikitazama kidole chake. Kwa kawaida hukipangusa kwenye suruali. Safari hii alitafuta kitambaa safi. Kisha alifunga jointi mpya, akaijaza grisi, akaukaza mpira.

"Usilishushe tena ufukweni," alisema, akimpa funguo. "Jumamosi nitakupitia na pikapu. Marehemu mke wangu naye namchotea hukohuko."