GPS mpya ya Noah yangu ilivyotupeleka posa kwa mlango wa nyuma

Wakuu, habari za jioni. Hiki kisa ni cha kweli, na mdogo wangu Ambakisye ameniruhusu nikilete humu.

Noah yangu ilitoka Japan na ramani ya kwao. Uko zako Tukuyu stendi, screen inakuonyesha katikati ya bahari, na dada wa mle ndani anakuelekeza Kijapani kwa upole kabisa.

Nikabadilisha GPS. Wengi mnauliza ipi nzuri, msiogope, si ngumu: chukua radio ya Android yenye ramani ya offline, maana ukishuka migombani network inakuaga. Pakua ramani mpya ukiwa bado nyumbani.

Hayo yote nilipatia.

Ikafika siku ya kumposea Ambakisye kule Nkunga. Tulienda watatu: mimi dereva, Baba, na mshenga. Ambakisye akaomba location kwa mchumba wake, Tumpe, akanirushia, nikaiweka.

Kwa msiotujua Wanyakyusa: baba mkwe na mkamwana hawaonani uso kwa uso. Wazee wakiona mmelivunja hilo siku ya posa, mnaweza kurudi na mikungu yenu ya ndizi.

GPS ikatutoa lami, ikatupitisha kanjia ka kwenye chai, kisha katikati ya migomba.

"Huyu dada yako ana akili timamu?" mshenga akauliza.

"Ametoka kufanyiwa update, tumwamini."

"Umefika unakoenda," dada akasema.

Mbele ya bonnet: jiko la nyuma, na Tumpe mwenyewe anamenya ndizi. Location alikuwa ameituma akiwa palepale.

Baba, na suti yake na kitambi chake, akazama chini ya dashboard. "Nifunike," akasema. Nikamtupia koti la mvua. Tumpe naye alishapotelea migombani.

Shangazi yake akaja, akachungulia dirishani. "Hicho nini hapo chini?"

"Mzigo," mshenga akajibu.

Koti likapiga chafya.

"Mzigo wenu una mafua, baba." Akacheka mpaka akashika mlango wa gari, akawaita wenzake waje waone. "Mkwe anayejikunja hivi heshima anaijua. Haya, zungukeni mbele mpokelewe."

Posa ikapita kabla chai haijapoa. Baba alikaa kiti cha heshima, mgongo unamuuma, anatabasamu kama bwana harusi.

Somo wakuu: update ramani, chagua njia kuu badala ya njia fupi, na location muombe mtu aliyesimama getini.

Nyie mnatumia ipi, na imeshawafikisha kwa nani? Karibuni.