Rifandi Tuliyomwekea Maiti Aliye Hai

Mwanamume wa kampuni ya vifaa vya wagonjwa alivua viatu mlangoni bila kuambiwa, akachomoa mashine ya oksijeni ya mume wangu ukutani, akaifunga kwenye mkokoteni. Alituachia mtungi mmoja mdogo. Alisema pole, akaenda.

Nyumba ikanyamaza. Miaka mitatu mashine ile ilinguruma pale kona ya sebule mpaka tukawa hatuisikii tena. Sasa nilisikia kimya. Kilikaa kama mgeni asiyesema shida yake. Mume wangu akageuza kichwa polepole.

"Mama watoto, nani huyo ameingia?"

"Hakuna mtu, baba."

"Yupo. Amekaa pale mashine ilikuwa."

Nikaangalia. Palikuwa na alama ya mraba tu kwenye zulia.

Mimi niliishia darasa la saba, lakini haya nimeyaelewa vizuri, kwa sababu yamenipitia mwilini. Tunakaa Richfield, huku ughaibuni, naosha wazee katika nyumba ya kutunzia wazee. Mume wangu alikuwa na kadi ya matibabu ya serikali, ya watu wasiojiweza, nayo ndiyo ililipia mashine. Sharti lake ni kwamba akiba yenu isipite kiwango fulani, na kiwango chenyewe ni kidogo.

Mwaka mmoja tukapata rifandi kubwa, ile kodi ambayo serikali inakurudishia. Mume wangu akasema iwekwe benki peke yake. Sisi Wakenya wa huku mtu akifa hufunguliwa kundi la simu, watu wachange mwili upelekwe nyumbani. Yeye alichukia jambo hilo. "Jina langu halitapitishwa na kikapu," alisema. "Hii ndiyo ya kunirudisha. Isiguswe."

Nikaenda Burnsville kwa ndugu wa kanisa anayetujazia fomu za kodi mezani kwake, chai mkononi.

"Dada, rifandi haihesabiki. Lala usingizi."

"Hata ikikaa?"

"Hata ikikaa mpaka Yesu arudi!" Akacheka, na mimi nikacheka.

Haihesabiki mwaka mmoja tu. Hilo hakulisema. Nasi tukaiacha benki, nzima, haijapungua hata senti. Nani anatumia pesa ya maiti?

Mwaka ulipopita ikaja barua ya kaunti, ofisi inayosimamia ile kadi. Nikapiga simu. Karani akasema miezi kumi na miwili imeisha, sasa ile ni akiba, na kadi imefungwa.

"Lakini ni ya maiti," nikamwambia.

"Nani amekufa?"

"Bado."

Nyuma yangu mashine ilikuwa ikivuta hewa. Halafu akasema, "Basi itumieni, mlete risiti."

Nilimsihi mume wangu tukodi mashine kwa pesa zile. Akakataa. "Ukizigusa, utanizika kwenye theluji." Tangu siku hiyo akawa anavaa viatu kila asubuhi, viatu vyeusi vya kanisani, anaketi wima akitazama mlango.

"Wameshafika?"

"Akina nani, baba?"



Kisha yule wa kampuni akaja kuichukua mashine. Siku ya nne mtungi uliisha, ambulensi ikambeba, na huko hospitalini akafa kabla ya jioni.

Mwenye nyumba ya mazishi, wanakotayarisha maiti, alihesabu pesa zetu, zikatosha kabisa. Akauliza zilikaa wapi muda wote huo. Nilipomweleza akaweka kalamu chini. "Mama, mngeziweka kwangu akiwa hai, tukaandikiana kwamba ni za mazishi na hazirudi tena, kaunti isingezihesabu." Karatasi moja! Ilikuwa pale kwenye droo yake.

Nilimrudisha nyumbani alivyotaka. Nimerudi, nafanya kazi, nakula. Najua nami nilikosa: niliona haya kumuuliza mtu mwingine habari za mazishi ya mtu anayepumua.

Lakini wewe ndugu wa kodi, uliyebeba jeneza upande wa kulia ukilia kuliko mimi, simama mbele ya kanisa useme: ulijua kuna huo mwaka, au ulinidanganya kwa jambo usilolijua? Na wewe karani, neno maiti ulilisikia kwa masikio yako. Kwa nini hukunitajia ile karatasi? Pole zenu sizitaki. Nataka jibu, na nalitaka mniangalie usoni mkinipa.