Bi Mshonaji Hakusema Uongo

Ukimsikia dukani anaulizia sabuni utageuka, maana sauti hiyo unaijua na hukumbuki umeisikia wapi. Umeisikia sebuleni kwako. Ndiye paka mvivu wa katuni ya asubuhi, ndiye mama mkwe mwenye roho mbaya wa tamthilia ya jioni, ndiye kitoto kichanga cha tangazo la nepi, na mwaka mmoja alikuwa hata mbuzi. Kazini wanamwita Kinanda, kwa sababu ukimbonyeza popote anatoa sauti nyingine, naye jina hilo analibeba kifua mbele. Mwaka wa ishirini na mbili huu anaingiza sauti za Kiswahili katika michezo ya watu wa mbali. Mwulize nani hodari kumzidi pale kituoni, atakutazama kwanza aone kama uko timamu.

Kazi yenyewe iko hivi. Skripti inakuja imeshatafsiriwa, na mtafsiri hujali maana, habari ya midomo haimhusu. Mtu wa kwenye picha anafungua kinywa sekunde nne, kwenye karatasi kuna maneno mawili. Hapo ndipo wageni wa kazi wanapokwama na Kinanda anapong'ara. Anajaza. Anatia “mwanangu” hapa, “nakuambia ukweli” pale, mdomo unafunga na neno linaisha, wala huwezi kujua kuna kilichoongezwa. Fundi mitambo wake, mzee mtaratibu waliyempachika jina la Kimya kwa ule mkono anaouinua kabla ya kurekodi, husema amefanya kazi na watu arobaini na hajapata kuona ulimi kama ule. Kinanda akisikia hivyo hakatai.

Sasa ikaletwa katuni ya Kijapani, sehemu kumi na tatu. Kwenye jalada wasichana watano wenye nywele za rangi rangi, utepe, nyota, mwavuli wa waridi. Mkuu wa vipindi akatazama dakika tano za mwanzo, akaona zinamtosha, akaipanga saa kumi alasiri, watoto wakitoka shule. Kuna mama anayeitwa Bi Mshonaji, anawashonea wasichana magauni. Wakiyavaa wanazunguka mara tatu, nywele zinang'aa, wanapata nguvu za kupigana na majitu yanayovuka daraja kuja kuvamia mtaa wao. Bi Mshonaji alikuwa wa Kinanda, hilo halikuwa na mjadala. Iliyotafutwa ni sauti ya msichana mkubwa wao, yule mwenye mwavuli.

Na hapa nitakuambia jambo mapema, usije ukasema nimekuficha. Walijaribiwa wasichana sita. Binti yake Kinanda, wa miaka kumi na minne, alikuwa wa pili kuingia, akafanya vizuri. Aliyeshinda ni Namba Nne, mtoto wa mwuza vitabu vya shule anayekaa nyuma ya posta. Mkuu wa vipindi alimtaka yeye, na Kimya alimtaka yeye. Kinanda akaingia ofisini, akafunga mlango, akasema kwa upole kabisa kwamba kama binti yake hatakuwa msichana wa mwavuli, basi watafute na Bi Mshonaji mwingine. Hazikupita dakika tatu. Namba Nne akaambiwa atapigiwa simu, na wewe na mimi tunajua maana ya kupigiwa simu. Kinanda akatoka hadi kwenye korido, akamshika binti yake mabega, akamwambia, “Nafasi ni yako.” Kweli tupu, kila neno. Mtoto akamrukia shingoni.

Wakaanza kazi. Chumba cha kurekodia ni kidogo, kuta zimevishwa sponji, viti viwili visivyolia, na feni huzimwa kwa sababu maiki inasikia kila kitu. Kurasa hazipinduliwi, zinatandazwa mezani moja moja. Skripti zilikuja mbili mbili kila wiki, kwa hiyo hakuna aliyejua hadithi inakwenda wapi. Binti alijifunza upesi, na kufika sehemu ya tatu alikuwa hasahihishwi tena. Mama yake akimtazama kando ya maiki alijiambia kwamba alichokifanya ofisini kilikuwa halali yake, maana mtoto si huyu hapa anaweza? Akalala usingizi wake vizuri.

Sehemu nne za kwanza zilikuwa sukari: jitu linakuja, wasichana wanazunguka, jitu linaanguka, mtaa unashangilia. Sehemu ya tano jitu likaanguka, na mfukoni mwake zikadondoka funguo za nyumba. Jamani! Katika katuni za namna hii nani aliwahi kuuliza jitu linakaa wapi? Hii ikauliza. Kidogo kidogo ikatoka kwamba nguvu za yale magauni ni bahati iliyochomolewa kwa watu wa ng'ambo ya mto. Kila mtoto aliyepona huku, kule kuna mwingine aliyezidiwa. Na majitu yale ni watu wa kule, wamevimba kwa huzuni mpaka hawatambuliki, wanavuka daraja kudai chao. Simu za wazazi zikaanza kulia kituoni. Mkuu wa vipindi akataka kuisimamisha. Kinanda akamwambia watoto wanaelewa kuliko yeye, aiache.

Ikafika sehemu ya tisa. Msichana wa mwavuli ameshajua yote, anakwenda kwa Bi Mshonaji, anamkuta anatunga uzi kwenye sindano. Wanazungumza. Bi Mshonaji anamwuliza ni lini aliwahi kumdanganya. Msichana anajibu kwamba hakumdanganya hata siku moja, na ndiyo maana inauma. Maneno yenyewe hayo, hakuna zaidi. Kinanda alipoyasoma alisisimka mwili, kwani ndani ya miaka yake yote alikuwa hajapewa mama mbaya anayependeka namna ile.

Binti akasoma sehemu yake kimoyomoyo, akakunja uso.

“Lakini alimdanganya,” akasema. “Sehemu ya kwanza. Alisema hakuna atakayeumia.”

Kimya akarudisha picha mpaka sehemu ya kwanza. Bi Mshonaji anamvisha msichana gauni, anasema kwa sauti tamu ya Kinanda: “Mtaa wenu utakuwa salama, mwanangu, na hakuna atakayeumia.” Wakatafuta karatasi ya siku ile. Karatasi ilisema: Mtaa wenu utakuwa salama. Nukta. Zile sekunde mbili zilizobaki zilikuwa za midomo tu, na Kinanda alizijaza, kama kawaida yake, kwa kitu kitamu kilichokuwa karibu.

Mkuu wa vipindi alipoitwa hakuona tatizo. Alisema sehemu ya kwanza imeshaonyeshwa, basi ibadilishwe ya tisa: msichana aseme umenidanganya, na Bi Mshonaji acheke kile kicheko cha Kinanda cha mama mkwe, kila mtoto ajue mbaya ni nani, mambo yaishe. Kinanda akasimama. Huyu mwanamke akisimama hivyo, mwenzangu, tafuta pa kukaa.

“Ukimfanya mwongo umeiua,” akasema. “Mwongo hata mtoto wa chekechea anajua ni mbaya. Huyu mama hakusema uongo hata mara moja. Aliwapenda wale watoto. Akawapa kitu kizuri, akawaambia kweli, na nusu ya kweli akabaki nayo kifuani. Mwongo ni mimi, nilimtia neno lisilo lake. Turekodi upya ya kwanza, irudiwe hewani, na mimi mwenyewe nitasema kwa watazamaji kwamba kosa lilikuwa langu.”

Hapo ndipo ujue kwa nini anaitwa bingwa. Kuna wasomi wa kazi hii wangekufa kabla ya kukiri mbele ya bosi. Mkuu wa vipindi akanung'unika kuhusu ratiba, lakini akakubali, akaenda zake. Kinanda akarudi kitini akijisikia mrefu.

Binti hakuwa amevaa hedifoni. Alikuwa anamtazama.

“Mama, unamtetea sana. Hiyo nusu aliyobaki nayo, unaona ni sawa?”

Kinanda akafungua kinywa na jibu likiwa tayari, la kitaalamu, kwamba mwigizaji hamhukumu mtu anayemwigiza. Macho yake yakapita kwenye kioo cha chumba cha mitambo yakamkuta Kimya. Kimya alijua nani alishinda ule mtihani. Yule mzee akashusha kitufe cha maiki wasirekodiwe, akageuza kiti chake kuelekea ukutani. Na Kinanda akaogopa, kwa mara ya kwanza tangu aanze kuingia chumba kile. Anaogopa nini mtu kama yeye? Alimwogopa mtoto wa miaka kumi na minne, kwamba akishasikia hatamrukia shingoni tena. Hata hivyo akamwambia. Akamwambia ofisi, mlango, zile dakika tatu, Namba Nne na simu ambayo haikupigwa.

Binti akauliza kama yule msichana anajua. Mama akasema hajui, anadhani alishindwa. Binti akaweka sawa karatasi zake mezani, moja moja.

“Sirudishi,” akasema. “Nimeshafika sehemu ya tisa, mimi ndiye huyu sasa. Ila yeye anadhani hawezi. Wewe nenda ukamwambie.”

Halafu akavaa hedifoni. Kimya akageuka, akainua mkono. Walirekodi ile sehemu kwa mara moja tu. Binti aliposema ndiyo maana inauma, hakuna aliyeomba irudiwe. Kinanda alikuwa na fahari na alikuwa amechomwa, vyote viwili kwa pamoja, na hakuweza kuvitenganisha. Mtoto yule aliamua haraka na hakuomba radhi. Mama alijua kabisa ameitoa wapi tabia hiyo.

Jumamosi asubuhi akaenda nyuma ya posta. Mwuza vitabu alikuwa anabandika majalada ya karatasi ngumu kwenye daftari zilizochakaa, binti yake anapaka gundi. Kinanda hakuzunguka. Akasema yeye ni nani, akasema mtihani ule Namba Nne alishinda, na kwamba nafasi aliichukua yeye kwa ajili ya mwanawe. Baba akaiweka daftari chini, akamwuliza kama amekuja kutafuta usingizi wake mwenyewe, kwa sababu pale haupatikani. Kinanda akasema huenda ni kweli, lakini mtoto alikuwa na haki ya kujua. Akataja kwamba itakuja katuni nyingine. Baba akamwambia hawataki fadhila zake.

Namba Nne ndiye aliyesema, “Mkifanya mtihani mwingine niiteni. Na wewe usiwepo.”

Kinanda akakubali. Aligeuka kuondoka, na yule msichana akamwambia kwamba yeye huitazama ile katuni kila inapoonyeshwa, na binti yake anasema vizuri. Ila pale sehemu ya tatu, msichana wa mwavuli anapomlilia kaka yake mgonjwa, alilia mapema mno. Yeye angesubiri. Akamwonyesha, palepale mlangoni, mikono imejaa gundi. Alivuta pumzi, akaishika, ikakaa, ikakaa, mtu akadhani haitoki, ndipo kikatoka kitu kidogo sana, chembamba, kama mtu anayelia asiwaamshe wenzake. Baba yake akaacha kazi akamtazama. Kinanda ana masikio ya miaka ishirini na miwili. Alijua alichokisikia, na alijua ni yeye aliyekizima watu wote wasikisikie.

Nyumbani alimkuta binti jikoni anapiga pasi sare ya shule. Binti hakuuliza kama mwuza vitabu alikasirika. Aliuliza kama Namba Nne ni mzuri.

“Ni mzuri kuliko wewe.”

“Kuliko mimi wa wakati ule, au kuliko mimi wa sasa?”

“Hata wa sasa.”

Pasi ikasimama kidogo, kisha ikaendelea. Binti akamaliza kola, akamaliza mikono, akalitundika shati kwenye kitasa cha mlango. Kisha akaenda kuchukua skripti ya sehemu ya kumi, akaweka kidole katikati ya ukurasa.

“Hapa nalia,” akasema. “Nionyeshe yeye analiaje.”

Na kilio kile Kinanda alikuwa nacho. Alikuwa amekibeba mtaa mzima mpaka nyumbani, na ile pumzi, na ule muda wa kushika, na ule wembamba. Angeweza kukitoa pale jikoni bila kukosea hata kidogo, na mtoto angekikamata mara moja, na nchi nzima ingelia siku kitakapoonyeshwa. Akakivuta kiti, akakaa.

“Hicho ni chake,” akasema. “Tafuta chako, nikusikilize.”